Kinundu cha Saa Tisa Usiku

Kazi yangu ni kusoma mstari.
Unapanda saa moja jioni, mji unapowasha taa,
unashuka saa tano, watu wakishachoka na taarifa ya habari,
kisha unalala chali hadi alfajiri
kama mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa.
Programu ya mipango,
tuliyoletewa pamoja na semina ya siku nne na mkoba wa kitenge,
inapenda mstari unaolala.

Lakini transfoma moja ya Keko Machungwa
ilikuwa na kinundu.
Saa tisa usiku, kila siku isipokuwa Jumapili,
kidogo tu, kama goti la mtoto chini ya shuka.

"Kelele hiyo," alisema Injinia Rweikiza bila kugeuza kiti.
"Mita imelewa. Weka wastani twende mbele,
rasimu ya sera inatakiwa Dodoma Ijumaa."
Nikaweka wastani.
Wastani ni shuka fupi:
ukifunika kichwa, miguu ya Keko inabaki nje.

Takwimu zilisema kaya hizi zina umeme.
Takwimu hizo hizo zilisema kaya hizi zinapikia mkaa.
Safu ya "kwa nini" hatukuwa nayo.

Alhamisi, saa nane na nusu usiku, nikachukua bodaboda.
Keko ilinuka vanishi na mbao mbichi,
makochi yasiyo na vitambaa yamepangwa barazani kama mifupa.
Mlango mmoja ulikuwa wazi.
Ndani, wanawake watano,
majiko manne ya presha ya umeme,
mita moja ya LUKU,
na maharage ya mama ntilie wa mtaa mzima yakinong'ona.

Ukutani, kwenye kipande cha boksi la sabuni,
kwa maandishi ya mkaa (mkaa, ndiyo):
nani aanze, nani amalizie,
kilo ngapi, uniti ngapi,
na mstari mwekundu wa rangi ya kucha
chini ya jina la aliyechelewa kuchangia.

"Jioni umeme mchovu," alisema Bi Sikudhani.
"Taa inasinzia, jiko linagoma.
Tukajaribu saa sita. Saa saba akawasha mashine yule wa barafu.
Saa tisa tukaikuta njia nyeupe.
Mkaa ulikuwa unakula faida yote, mwanangu,
tunabaki kulamba mwiko."

Nikalitazama boksi lile.
Vipimo. Majaribio. Mzigo uliohamishwa kutoka kwenye kilele.
Sisi tulilipia leseni ya mwaka mzima
tuone nusu ya hayo.

"Wewe ni wa umeme?" akauliza Nuswe, mfuniko mkononi.
"Umekuja kukata?"
"Nimekuja kuhesabu."
Akacheka, si kwa furaha.
"Kuhesabu ndiko kunakotangulia kukata."

Asubuhi nikakirudisha kinundu mahali pake.
Programu ikauliza: ni kaya, au ni kiwanda?
Nikiandika kaya, inagawanya kwa tano na goti linapotea.
Nikiandika kiwanda, wanaonekana vizuri sana,
na bei yao inapanda.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe
hadi chai ikapoa.

Mwishowe niliandika kwenye kisanduku cha maoni,
kile ambacho hakuna anayekisoma:
Si kelele. Ni maharage.
Saa tisa umeme upo na hauna mwenyewe.
Ushusheni bei saa hiyo, kisha hesabuni magunia ya mkaa.

Injinia akakisoma. Kiti kikageuka.
"Chanzo cha data?"
"Boksi la sabuni."
Nikangoja anifukuze.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Transfoma nyingine umeziangalia?"

Tukaanza kuvua wastani, moja baada ya nyingine.
Buguruni: goti.
Mtoni: hakuna kitu, mstari umelala kweli.
Kigogo: goti, au labda safari hii
mita imelewa.
Itabidi niende.